Mzigo Unavuka, Abiria Anashuka

Treni ya mizigo ikitoka Bungoma kuelekea Malaba haimwulizi mtu njia. Inapita na makontena yake, inavuka mpaka, inaingia Tororo, na kutoka hapo inaendelea Kampala. Mimi nikitaka kwenda kumjulia hali shangazi yangu Mbale, napanda matatu hapa Kanduyi mjini Bungoma, nashuka Malaba, natembea kwa miguu kati ya malori yaliyopanga foleni, naonyesha kitambulisho, nabadilisha pesa kwa kijana mwenye bunda la noti mkononi, halafu naanza upya kutafuta gari la upande wa pili. Mitumba ina reli ya moja kwa moja. Mwalimu mstaafu kama mimi hana. Nilipokuwa mtoto haikuwa hivi.

Nilizaliwa Kitale mwaka 1962, katika landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi. Baba aliajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kazi yake kugeuza njia stesheni na kuunganisha mabehewa, kwa hiyo habari za reli hii nilizisikia kwanza wakati wa ugali, kabla sijazisoma popote. Nilipokuja kuzisoma nilikuta mambo ambayo baba hakuwahi kuyataja, na la kwanza ni kwamba mpaka wenyewe ulihama.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Waingereza waliiita Reli ya Uganda, na wakati huo hawakusema uongo: kuanzia maeneo ya Naivasha mpaka ziwani ulikuwa ni Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Sisi Wabukusu tulihesabiwa huko. Waliotushambulia kwenye ngome ya Chetambe, pale juu ya Webuye, mwaka 1895, walikuwa jeshi la serikali ya Uganda, na ofisa Hobley aliyelisimamia alikuwa na kituo chake Mumias. Kisha tarehe 1 Aprili 1902 London ikalikata eneo lote hilo na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Reli ya Uganda ilikuwa imefika ziwani kwa miezi mitatu na siku kadhaa, na Uganda ikaondolewa mbele yake. Hakuna taruma lililong'olewa.

Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, aliyetaka kwenda Uganda alishuka Kisumu akapanda meli. Pamba ya Busoga na Buganda ilikuja kwa njia hiyo hiyo, ikipakiwa, ikipakuliwa, ikipakiwa tena. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaamuliwa njia mpya itoke Nakuru, ipande nyanda za Uasin Gishu na kuifuata pamba kwa nchi kavu. Walowezi wenye mashamba walitaka reli ipite karibu na maghala yao, na ilipita karibu na maghala yao. Ilipanda mpaka Timboroa, ambako kibao cha stesheni kiliandikwa futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, ikateremka Eldoret mwaka 1924. Kutoka Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, tawi la kama kilomita 65 likakata kaskazini kupitia Hoey's Bridge, siku hizi Moi's Bridge, likafika Kitale mwaka 1926. Njia kuu yenyewe ilishuka Turbo, ikapita Webuye, ambayo Wazungu waliiita Broderick Falls, ikaja Bungoma, ikavuka kwenda Tororo. Mwaka 1928 ikaungana na reli ndogo ya Busoga, na mwaka 1931, daraja la Jinja lilipokwisha, treni ikaingia Kampala.

Kitale ni mwisho wa reli, Bungoma ni mahali pa kupita, na mtu aliyekaa miji yote miwili anaiona tofauti hiyo mpaka leo. Kitale ilijengewa reli kwa ajili ya mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia. Stesheni yake ilitazama maghala, na abiria walipewa nafasi iliyobaki. Wazee wetu walioenda kulima huko, kipande kikining'inia shingoni, walisafiri daraja la tatu kwenye benchi za mbao. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa kibao ili ajue mahali pake. Bungoma ilikua kwa sababu nyingine. Ilikua kwa kuwauzia chakula watu waliokuwa wanakwenda kwingine, na mpaka kesho hatuoni aibu kuwatoza bei ya msafiri.

Sitaki mtu anielewe kwamba ninatamani enzi za mkoloni. Ninalolitamani ni jambo moja, nalo lilianza 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika kuwa shirika moja. Shirika moja maana yake ratiba moja, nauli moja, mshahara mmoja, na barua ya uhamisho inayoweza kumtoa mtu Kitale leo na kumweka Tabora mwezi ujao. Landhi zetu zilijaa matokeo ya barua hizo. Jirani wa kulia alitoka Tororo, wa kushoto Kisumu, na mlango wa mwisho kulikuwa na mama wa Tanga aliyewafundisha wanawake wote wa mstari ule kupika wali wa nazi mahali ambapo nazi ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Watoto tulizungumza Kiswahili kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira.

Tiketi zenyewe nazikumbuka kwa mikono. Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu, kifupi kuliko kidole changu cha kati, rangi yake ikionyesha daraja. Karani alikitoa kwenye rafu yenye vijumba vingi, kila kituo na kijumba chake, akakiingiza kwenye mashine ya chuma iliyogonga tarehe kwa kishindo, akakisukuma chini ya wavu. Ndani ya treni mkaguzi alikitoboa kwa koleo. Mama aliifunga ya kwake kwenye pindo la leso na kuifungua pale tu ilipodaiwa. Tulipokwenda Mbale kwa shangazi tuliondoka Kitale na treni ya tawi, mabehewa machache ya abiria yakivutwa pamoja na ya mahindi, tukabadilisha kwenye njia kuu, tukapita Bungoma ambako wanawake walikuja mbio dirishani na mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Malaba treni ilisimama kama ilivyosimama kwingine. Sikumbuki mtu akimwuliza mama karatasi yoyote isipokuwa tiketi. Tororo tukashuka, kwa sababu Tororo ndiyo njia panda, ya Kampala ikienda magharibi na ya Mbale na Soroti ikienda kaskazini, tukangoja, tukapanda. Tiketi ilikuwa ile ile tangu Kitale.

Naligusia hilo kwa sababu wengi hudhani kilichovusha watu ni reli. Reli bado ipo. Kilichowavusha ni ofisi iliyokubali kuuza safari nzima na kuijibia safari nzima. Behewa likiharibika Tororo, aliyelaumiwa alikuwa Nairobi, na mshahara wa fundi aliyelitengeneza ulitoka mfuko ule ule uliopokea nauli ya mama.

Kuvunjika hakukuja kwa siku moja. Mwaka 1966 shilingi ya pamoja iliacha njia kwa shilingi tatu, kila nchi na benki kuu yake. Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali ya Uganda. Mwaka uliofuata alipowafukuza Waasia, wengi walipelekwa Mombasa kwa treni maalumu kutoka Kampala wakapande meli za Bara Hindi, na Kenya haikutaka washuke njiani. Wakati huo baba alikuwa amehamishiwa Bungoma. Tulisimama kwenye ua wa waya tukaona madirisha yaliyofungwa mchana wa jua kali, na polisi kwenye jukwaa. Mtoto mmoja wa Kihindi aliinua kioo kidogo akatutazama, sisi tukamtazama, mtu akakishusha. Mama alituita ndani kwa sauti ambayo hakuitumia kila siku. Kwa akili yangu ya darasa la nne nilijiuliza treni gani hii isiyouziwa mayai.

Februari 1976 Amin akadai kwamba eneo kubwa la magharibi ya Kenya ni la Uganda, na hoja yake ilikuwa ule mpaka wa kabla ya 1902. Kihistoria hakutunga, kisiasa alichezea moto. Wafanyakazi wa reli waliokuwa ng'ambo wakaanza kurudi nyumbani, wengine bila vitanda vyao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na shirika likazaa mashirika matatu. Vichwa vya treni na mabehewa vikabaki pale vilipokutwa, kisha mabishano ya nani anamdai nani yakachukua miaka. Aliyepewa kazi ya kupatanisha alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na nchi tatu zilitia sahihi mgawanyo wa mali Arusha mwaka 1984. Waligawana madeni, karakana, meli na pensheni. Abiria wa kutoka Bungoma kwenda Mbale hakuwa mali, kwa hiyo hakugawiwa mtu.

Treni ya abiria ya Nairobi na Kampala ilirudi kwa muda miaka ya 1990, mara moja kwa wiki, ikachoka na kukoma. Wakati huo watu walikuwa wamejifunza njia nyingine. Pale mpakani Busia, tangu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walikuwa wakiwabeba watu katika kipande cha barabara kati ya ofisi ya nchi hii na ofisi ya nchi ile, na biashara hiyo imesambaa bara zima kwa jina la boda boda. Naiheshimu. Lakini ni biashara iliyostawi kwenye pengo, na pengo lilichimbwa na serikali.

Kinachoniudhi zaidi ni mwaka 2006. Mwaka huo reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa mkataba uliotarajiwa kudumu miaka 25. Kwa mara ya kwanza tangu 1977 kulikuwa na mwendeshaji mmoja pande zote mbili za mpaka. Ungedhani mtu angekumbuka tiketi. Mkataba ulihusu mizigo zaidi ya kitu kingine chochote, na ulivunjwa 2017 bila mtu wa Bungoma kuuziwa safari ya Tororo.

Na jambo lenyewe halishindikani. Kusini kwetu, Watanzania na Wazambia walijengewa reli ya TAZARA na Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na tangu 1976 wakaipa mamlaka moja inayomilikiwa na nchi mbili. Imekwama mara nyingi, imechelewa kupita kiasi, lakini abiria alivuka Tunduma na Nakonde akiwa amekaa kitini, maofisa wa uhamiaji wakimfuata yeye ndani ya behewa. Ulaya walianza mapema pia: mwaka 1957 nchi kadhaa zilianzisha treni za pamoja, Trans Europ Express, ambazo ukaguzi wake ulifanywa treni ikiwa mwendoni. Huko huko Ulaya leo wanalalamika kwamba msafiri wa nchi tatu hununua tiketi kwa kampuni tatu, na kwamba umeme wa reli za Ujerumani si ule wa Italia wala wa njia mpya za Ufaransa, hivyo wanalazimika kununua vichwa vya treni vinavyokula umeme wa aina nyingi. Ukiwasikia utadhani wamepita Malaba.

Maana huko ndiko tunakoelekea. Reli ya zamani ilikuwa na upana wa mita moja kutoka Mombasa hadi Kasese. Reli mpya ya Kenya, yenye upana wa milimita 1,435, ilifunguliwa Mombasa hadi Nairobi 2017 na kufikishwa upande wa Naivasha 2019, na inaendeshwa kwa dizeli. Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, mkataba wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, reli ya umeme. Zikikutana, upana utalingana. Kichwa cha treni hakitalingana, na mtu atalazimika kuamua kibadilishwe wapi, usiku au mchana, abiria wakiwa ndani au wakiwa wamesimama uwanjani na watoto mgongoni.

Vibali vya watu tayari ni vyepesi kuliko vya wakati wowote tangu 1977: tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tu. Malaba kwenyewe maofisa wa nchi mbili sasa wanakaa chini ya paa moja. Waliorahisisha hayo walikuwa wanawafikiria wenye malori, na sisi tukapita kwenye mlango uliofunguliwa kwa ajili ya malori. Sina ugomvi nao.

Mwanangu, ambaye ni mhandisi, huniambia nisubiri reli kwanza, tiketi itafuata. Mimi nasema imewahi kutangulia reli na tiketi haikufuata, na mfano upo hapa nyuma ya soko letu, unapitisha makontena. Katika mazungumzo yote ya reli mpya nimesikia habari za umeme, upana, mikopo na fidia za mashamba. Bado sijasikia ni ofisi ya nani itakayomuuzia mtu wa Bungoma safari ya Mbale, nauli itahesabiwa kwa shilingi ya nchi gani, na mama mwenye kuku wawili kwenye kapu atakaguliwa akiwa amekaa au ataambiwa ashuke.