Kanzu kwenye karamu ya meli

Kampuni ya Cunard, yenye meli ya Queen Mary 2, bado ina usiku wa gala. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, mwanamume anayetaka kula ukumbi mkuu anatakiwa avae suti ya jioni na tai ya kipepeo, au walau suti nyeusi na tai ya kawaida. Asiyetaka hatupwi baharini. Kuna pembe nyingine za meli ambako ataachwa ale kwa raha zake. Ndani ya masharti hayo kimejificha kifungu kinachomhusu mtu wa pwani ya Mtwara, wa Mikindani au Msimbati: vazi rasmi la taifa la mtu linapokelewa. Kanzu, basi, inaingia. Linalobaki ni kanzu ipi, na iandamane na nini.

Suti ya jioni yenyewe haikuzaliwa na ukubwa huo. Miaka ya 1860 mshonaji Henry Poole wa London alimshonea mtoto wa Malkia Victoria koti fupi la kulia chakula cha nyumbani, apumzike kidogo na lile refu lenye mkia. Vazi la kupumzikia ndilo leo linalowatoa watu jasho mbele ya kioo cha chumba cha meli. Fahari yake imefichwa: hariri kidogo kwenye ukosi, vifungo vya mikono, basi. Kwa mbali wanaume wote ni wamoja.

Kanzu ina hila hiyohiyo. Simama nje ya msikiti Mikindani siku ya Ijumaa, watu wakitoka: weupe mtupu. Sogea sasa. Darizi ya shingoni ni ya mkono au ya mashine? Na kofia je? Kofia ya viua ya mkono hutobolewa kwa sindano, tundu moja moja, kisha kila tundu huzungushiwa uzi ukingoni mpaka lisimame wazi bila kufumuka. Ni kazi ya miezi, na mara nyingi ni ya mwanamke ambaye hataivaa. Wenye macho huisoma kofia kabla ya kupokea salamu. Waomani nao huvaa kofia ya aina hii, kummah waiitavyo, na ushonaji wake una undugu na wa pwani yetu.

Mavazi haya mawili yanapoachana ni kwenye kosa. Melini kosa ni kupungukiwa na kitu: huna tai, huna koti, viatu vya raba. Kwetu mtu huchekwa kwa uchafu na mkunjo. Kanzu ya miaka kumi iliyotiwa buluu, ikapigwa pasi na kufukizwa udi, inakaa mbele harusini. Mpya iliyoota weusi shingoni inatafutiwa nafasi nyuma. Mimi naona kipimo hiki kina huruma zaidi kwa mtu asiye na pesa, ingawa hakina huruma hata kidogo kwa anayemfulia.

Tusijisifu mno, lakini. Enzi za utumwa, kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kuvivaa mbele ya bwana wake. Unguja ilipofuta utumwa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliharakia kanzu na kofia. Halafu wakoloni wakaigeuza kanzu hiyohiyo kuwa sare: mhudumu wa hoteli na klabu alivishwa kanzu nyeupe, mshipi na tarbushi nyekundu, akapewa sinia. Suti ya jioni nayo imepata mkasa huo, maana anayekula na anayemletea sahani wanaweza kuwa na tai ya kipepeo sawasawa. Ndiyo sababu kijana wa Mtwara anayepanda meli namshauri aiache tarbushi nyekundu nyumbani, asije akaagizwa maji ya kunywa. Koti jeusi juu ya kanzu linamaliza utata huo. Hata Kanuni za Bunge la Tanzania zinaukubali mpangilio wa kanzu, koti na kofia. Jirani zetu Kenya walikwenda njia nyingine: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, wakati Rais mwenyewe alikuwa anaipenda.

Kuna desturi moja ya pwani ambayo kampuni za meli zingefaa kuiiga. Msafiri Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331, kabla hajafika Kilwa, alikaa siku chache akilishwa, na Ijumaa akaletewa mavazi: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri, joho na kilemba. Ndipo akaenda kusali na kuonana na sultani. Aliyetaka mgeni apendeze ndiye aliyemvisha. Hadi leo mtu wa pwani anaazima kanzu ya harusi bila aibu. Melini ukikosa suti, uikodishe au ukale kwingine.

Mtu wa bara, wa Masasi au Newala, anaweza kuniuliza kanzu ni ya taifa gani, maana kwao sikukuu ni suti na shati lililonyooka. Ana haki. Ila walimu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoanza kazi yake Masasi mwaka 1876, nao walivaa kanzu nyeupe, kwa hiyo asidhani ni vazi la msikitini pekee. Kamati za vazi la taifa zimekuja na kuondoka. Mlangoni mwa ukumbi wa meli hakuna atakayekudai ripoti zake. Fungasha kanzu mbili. Mchuzi wa melini unamwagika kama wa nyumbani, na bahari ikichafuka unamwagika zaidi.