Kabla ya Runinga, Jioni Ilikuwaje?

Mjadala wa runinga na familia huwa unaishia palepale. Mzee mmoja atakohoa, aseme: "Enzi zetu bwana, jioni tulikaa kwa bibi tukasimuliwa hadithi. Nyie mmelelewa na kioo." Sisi vijana tunainamisha vichwa kama tuliokamatwa na kuku wa jirani. Mimi nimechoka kuinamisha kichwa. Nataka kuuliza: jamani, ni kweli? Maana nchi yetu ina bahati moja ambayo nchi nyingi hazina, kwamba jambo hili tunaweza kulipima.

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Huo ni mwaka wa 33 baada ya uhuru. Haukuwa uzembe, ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliona runinga ni anasa ya wachache wa mjini wakati vijijini watu hawana maji ya bomba. Redio ingetosha. Lakini ng'ambo ya bahari, Zanzibar, mambo yalikuwa mengine kabisa: mwaka 1974 televisheni ilianza kule, tena ya rangi, wakati nchi kadha wa kadha za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe.

Basi tazama. Nchi moja, Rais mmoja, jioni mbili. Kwa miaka 20 mtoto wa Unguja alikuwa na runinga na mtoto wa Tanga hakuwa nayo. Kama kweli runinga ndiyo muuaji, maiti ingeokotwa Unguja kwanza.

Haikuokotwa. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanza mwaka 1905, iliendelea kupiga. Culture, iliyozaliwa mwaka 1958, nayo ikaendelea. Mabaraza ya mawe mbele ya nyumba hayakuhamwa, kahawa iliuzwa, bao lilichezwa, siasa zikabishaniwa. Nenda Mji Mkongwe, kijiwe kiitwacho Jaws Corner, ambacho eti kilipewa jina la ile sinema ya papa. Pale runinga yenyewe imegeuzwa kuwa mwanabaraza: inatazamwa nje, na wengi, huku ikijibiwa na kutukanwa. Hiyo siyo familia iliyokufa.

Na kule Bara kusikokuwa na kioo? Watu walikuwa na redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa moja tu, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja: Mama na Mwana kwa watoto, Pwagu na Pwaguzi kwa wote, na mpira wa Simba na Yanga uliotangazwa kwa kasi mpaka msikilizaji anajikuta amesimama. Miaka ya shida betri zilipoadimika, zilizochoka zilianikwa juani kama dagaa ili zipate pumzi ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Jambo ambalo vijana wengi hatulijui ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kinasikilizwa, kitabu kinasomwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma apate, watu wanajadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara. Halafu, na hapa ndipo ninapovua kofia, wanatoka kwenda kuchimba choo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Hebu nitajie kipindi cha runinga kilichowahi kumwinua mtazamaji kwenye kochi akashike jembe.

Sinema nazo zilikuwepo. Dar es Salaam ilikuwa na kumbi kadhaa, na kuanzia mwaka 1966 palikuwa na Drive-In kule Msasani, ambako familia ilitazama filamu ya Kihindi ndani ya gari, na chakula kimefungashwa kutoka nyumbani. Kiwanja kile leo kina ubalozi wa Marekani. Ila gari walikuwa nalo wangapi? Tupite.

Tuje kwenye bao, maana hapa ndipo wazee wanapotaka tufike. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni. Unanamua mpaka mkono uishe, ndipo mnaingia kwenye mtaji, na fundi huyo anahesabu mizunguko kichwani kama karani wa benki. Mwalimu mwenyewe alilipenda bao. (Huyu huyu aliyetunyima runinga alitafsiri Shakespeare akiwa Ikulu, Mabepari wa Venisi kilitoka mwaka 1969. Sisemi angekuwa na runinga asingetafsiri. Nasema tu.) Bao ni mchezo wa akili, sibishi. Lakini chunguza picha yoyote ya zamani ya watu wakicheza bao, uhesabu wanawake.

Ndiyo maana nilikwenda kumuuliza bibi yangu. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hivi zamani, kabla ya runinga, jioni mlikuwa mnafanya nini?"

Akanitazama muda. "Jioni ya nani, mume wangu?"

Swali hilo lilinivurugia makala niliyokuwa nimeiandika kichwani. Jioni ya babu ilikuwa bao na kahawa, hilo halina ubishi. Yeye jioni yake ilikuwa kupukuchua mahindi ya kutwanga kesho, kuchambua mchele, kusuka ukili wa mikeka. Hadithi? Zilikuwepo, tele. Zilikuwepo kwa sababu mikono ya watoto ilihitajika. Mtoto akipukuchua bila hadithi husinzia. Ukisema paukwa, ataitika pakawa, na kidole kitaendelea kufanya kazi. Hata ule mkwara kwamba ukisimulia hadithi mchana utaota mkia, bibi anaueleza kwa ufupi: mchana ni wa shamba, atakayekaa kusikiliza nani?

Sasa nikamuuliza lini hadithi zilikoma. Nilitegemea aseme mwaka 1994. Akasema zilianza kupungua mashine ya kusaga ilipofika karibu, zikapungua tena mkeka wa plastiki ulipojaa sokoni. Kazi ile ikaondoka, watoto wakaondoka nayo, hadithi ikabaki haina pa kukaa. Runinga ilipokuja, anasema, ilikuta kiti kitupu.

Naamini yuko sahihi, na naamini hiyo ndiyo historia ambayo wazee wa barazani hawawezi kutusimulia, kwa kuwa wao walikuwa barazani. Tarehe nazo zinamuunga mkono. Biashara ya nje ilipolegezwa mwaka 1984 deki za video ziliingia kwa wingi, na vibanda vya video vikawa mitaani miaka mingi kabla ya kituo cha kwanza kufunguliwa. Hata ile runinga ya kwanza haikutawanya watu. Iliwakusanya: nyumba moja yenye seti, mtaa mzima madirishani, watoto wanaambiwa wakanawe miguu kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu tunaojifunza kuandika, anayetaka familia ikae pamoja bila runinga asianze kwa kuizima. Ukiizima tu unapata watu wanne wanaotazamana, kila mmoja anaikumbuka simu yake. Pawepo kitu cha kushika: njugu za kumenya, mboga ya kuchambua, ubao wa bao wenye nafasi ya dada pia.

Niliona haya kwa macho yangu wakati wa mgao mkubwa wa umeme wa mwaka 2006, nikiwa darasa la tatu. Jioni za mwanzo tulikaa nje tukipigana na mbu na kununa. Kisha bibi, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akaleta sinia la kunde ambazo hazijapukuchuliwa, akaliweka katikati ya mkeka. Hakutangaza chochote. Tulipofika nusu ya sinia ndipo akaanza habari za fisi aliyeshuka kisimani kuufuata mwezi akidhani ni jibini. Sijui jibini alilitoa wapi, maana kwao hakuna. Nadhani alilipokea redioni.

Umeme ulirudi saa nne kasoro. Mdogo wangu aliruka akaenda kuwasha runinga, tukaisikia ikiongea peke yake kule ndani. Mimi nilibaki mkekani. Kunde zilikuwa bado, na fisi alikuwa hajatoka kisimani.