Sanamu za Biskuti na Vinyago vya Ngoma za Usukuma

Neno "biskuti", ambalo kwa Waswahili ni kitafunio cha chai, katika viwanda vya kaure vya Ufaransa lina maana nyingine: kaure iliyochomwa pasipo kupakwa tabaka la kioo liing'arishalo. Mafundi wa Vincennes walianza kuziacha sanamu hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1750, zipate kufanana na marumaru. Kiwanda kilihamia Sèvres mwaka 1756, na Étienne-Maurice Falconet akaongoza wachongaji wake tangu 1757 hadi 1766. Miongoni mwa kazi zake imo ile ya Pygmalion, mchongaji wa visa vya kale, aliyeipenda sanamu yake mpaka Venus akaitia uhai. Kaure yenyewe, bila shaka, haikutikisika.

Kwa Wasukuma, waliotapakaa toka Shinyanga hadi Geita, sanamu ilitakiwa itikisike. Vinyago vya mti, vingine vyenye viungo vinavyochezeshwa, vilitolewa uwanjani baada ya mavuno, Bagika na Bagalu walipogombea watazamaji. Kinyago kilipimwa kwa mchezo wake, wala si kwa ulaini wa umbo. Ndiyo sababu vingi vimechongwa kwa ukavu ambao ni rahisi mgeni kuudhania uchanga wa ufundi. Hukumu hiyo ni ya kabati, si ya uwanja. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, vifaa vya ngoma hizo vimehifadhiwa. Na papo hapo, kila Juni, ngoma za Bulabo hushindana.