Kitenzi cha Mlangoni

Hapa Tunduma kitenzi "kubadili" kina wenyewe. Wako karibu na mpaka kutwa nzima, mabunda ya noti mkononi, kwacha kwa shilingi na shilingi kwa kwacha, na kila anayeshuka kwenye basi wanamwuliza swali lilelile: "Mama, unabadili?" Kwa hiyo binti mmoja aliponifuata jioni, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nikitaka kubadili dini naanzia wapi?", sikio langu lilikimbilia kwanza kule mpakani. Ukibadili hela unaacha ulichokuja nacho, unapewa kingine, na ile noti ya kwanza huioni tena. Nikahisi kwamba swali ni jema ila kitenzi kitampoteza.

Binti huyu amelelewa Kimoraviani upande wa Mbozi, kwenye kahawa. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akaimba kwaya. Siku hizi anauza mchele wa bonde la Momba, na mchumba wake ni Mroma, kama watu wa hapa tunavyomwita Mkatoliki. Mimi nafundisha Kiswahili, na Jumamosi nawasaidia wanaojiandaa kwa sakramenti kwenye kigango chetu. Neno kigango nalipenda mno. Gango ni chuma au ubao wa kuunganishia vitu vilivyoachana, na kila ninapolisikia jina la kikanisa chetu kidogo, kilicho mbali na parokia, nasikia ndani yake kazi hiyo ya kuunganisha.

Nilimwambia kwanza jambo ambalo wachumba wengi hawaambiwi mapema: Kanisa halimlazimishi kuwa Mkatoliki ili aolewe na Mkatoliki. Ipo ndoa ya mseto, na kwa ruhusa ya askofu hufungwa kanisani bila yeye kuhama alipo. Mseto tunaujua jikoni, mchele na choroko katika sufuria moja, na kila punje bado unaitambua. Akaondoka. Wiki mbili zikapita, akarudi. "Nimefikiri. Nataka hata kama harusi isingekuwepo." Hapo ndipo tukaanza na maneno.

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake, na kwa sheria neno hilo linafaa, kwa sababu sheria inataka kujua tu kwamba hakuna aliyekuzuia. Mlango wa kanisa una kitenzi kingine. Kwa mtu aliyekwisha kubatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwe kwa Wamoraviani, Walutheri au Waanglikana, Kanisa Katoliki linasema "kupokelewa". Anapokelewa katika ushirika kamili. Habatizwi tena, maana ubatizo haurudiwi, na pale tu penye shaka ya kweli kama ulifanyika au ulifanyika sawasawa ndipo hutolewa kwa sharti. Mtaani husemwa sana "fulani kabatizwa upya Uroma". Neno "upya" hapo limepachikwa na watu, halikutoka kwenye mafundisho.

Nikamwomba binti alifikirie neno kupokelewa jinsi mama zetu wanavyolitumia. Mgeni akitokea njiani mama hasemi "mpokeeni" tu, husema "mpokeeni mzigo". Mgeni huingia na mzigo wake, na mzigo ule unabebwa na wenyeji hadi ndani. Yeye anakuja na ubatizo wa Mbozi, na nyimbo, na Biblia aliyoisoma tangu utotoni. Wamoraviani waliwafikia Wanyiha wa Mbozi zamani wakaanza kuiandika lugha yao, huku Mapadre Weupe wakiwa bonde la Songwe, kule Galula. Barabara hizo mbili ndizo zilizotuletea Kiswahili cha kanisa chenye sauti mbili: huku ibada, kule Misa, huku mchungaji, kule padre, na wazee wa Kikatoliki hadi leo wanatamka Kristu pale jirani zao wanapotamka Kristo.

"Na kuongoka?" akauliza. "Si ndiyo neno lenyewe?"

Majirani zetu wana vitenzi vyao. Waislamu husema kusilimu, walokole kuokoka. Kuongoka tunakitumia wote, na ndani yake kuna ongoa, ongoza, mwongozo: mtu aliyekuwa akienda upande amenyooshewa njia. Lakini Kanisa linaposema wongofu linamwambia kila mtu, askofu akiwamo, na kila Kwaresima linarudia. Kumwita Mmoraviani anayempenda Yesu "mtu aliyeongoka" kwa sababu tu amehamia kwetu ni kumdhulumu, kana kwamba jana alikuwa gizani. Aongoke pamoja nasi sote. Kuhusu mlango, apokelewe.

Kwa asiyebatizwa kabisa mambo ni mengine, na jina lake ni mkatekumeni. Neno limetoka kwenye Kigiriki, likiwa na maana ya anayefundishwa kwa sauti ya mdomo, nasi tumelitohoa tu. Naona tulikuwa na kitenzi chetu tayari, kufunda. Mwali hufundwa, na anayefundwa hapewi habari tu, anavushwa kutoka hali moja hadi nyingine mbele ya wakubwa waliompenda vya kutosha kumwambia ukweli. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, alielewa jambo hili. Alidai miaka minne ya maandalizi, miwili ya kuomba kupokelewa na miwili ya ukatekumeni, katika zama ambazo wengine walibatiza kwa haraka. Huko Uganda mwaka 1886, vijana wa ikulu ya mfalme Mwanga walipojua kwamba kifo kimefika, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa naye, na Kizito, mdogo kuliko wote, akiwamo. Walikuwa bado wanafundwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 ukatekumeni wa hatua kwa hatua urudishwe kwa Kanisa lote, na mwaka 1972 ukatoka utaratibu wa kuwaingiza watu wazima tunaoufuata leo: mtu anauliza, anakubaliwa kuwa mkatekumeni, anafundishwa, Dominika ya kwanza ya Kwaresima anateuliwa, kisha usiku wa Mkesha wa Pasaka anabatizwa, anapewa kipaimara na kula Ekaristi katika adhimisho moja.

Safari ya binti ilikuwa fupi kuliko hiyo, lakini maneno hayakumpa nafasi. La kwanza kumkwaza lilikuwa juu ya Maria. Alikuta kwenye kijitabu cha sala kichwa cha habari "Ibada kwa Bikira Maria", akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Nikakubali kwamba ana haki. Ibada na abudu vimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na anayejua Kiswahili akisoma "ibada kwa Maria" ataelewa kwamba Maria anaabudiwa. Kanisa halifundishi hivyo hata kidogo. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenga wazi: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na sanamu na watakatifu wanapewa heshima tu. Wagiriki walikuwa na neno kwa kila moja, latria na dulia. Sisi tuna abudu na heshimu, maneno mawili safi yasiyogongana, halafu kwenye kichwa cha habari tukaweka ibada. Laiti ningekuwa na mamlaka, ningeandika "heshima" katika kila kijitabu kesho asubuhi. Si jambo dogo. Watu wanakataa Kanisa kwa sababu ya neno ambalo Kanisa lenyewe halikulimaanisha.

Lakini Kiswahili kilichotuumiza hapo kinatuponya hatua mbili mbele. Katika sala ya Rozari tunamwambia Maria: utuombee. Nililiandika ubaoni na kulikata vipande. U, wewe. Tu, sisi. Omb, mzizi. Kisha e mbili. Ya mwisho ni ya kutaka jambo litendeke. Ile ya kabla yake ndiyo inayobeba maana ya kutenda kwa ajili ya mtu. Ukiiondoa hiyo moja linabaki "utuombe", yaani Maria atuombe sisi kitu. Irudishe, naye anasimama upande wetu akimwomba Mwanawe kwa ajili yetu, kama mama wa jirani anavyokuombea ukiwa mgonjwa. Binti alikaa akiitazama ile herufi. "Kumbe anaombwa aombe," akasema. Sijawahi kusikia mafundisho hayo yakielezwa kwa maneno machache hivyo.

Kipaimara kilimshangaza kwa namna nyingine, kwa sababu neno alikuwa nalo. Ni neno la Kiswahili halisi, limeundwa kama kifungua kinywa au kipaza sauti: kitu kinachompa mtu uimara. Wamoraviani wanalo, Walutheri wanalo, na watoto wa kwao husoma kwa bidii kabla ya siku hiyo. Akadhani hapo hana deni. Kumbe neno ni moja na vitu ni viwili. Kwa Wakatoliki kipaimara ni mojawapo ya sakramenti 7, idadi iliyothibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1547, na hutolewa kwa kupakwa krisma, mafuta aliyoyaweka wakfu askofu. Kwa hiyo angepewa. Iliuma kidogo, nikaona usoni. Ubatizo wake umepokelewa kama ulivyo, kipaimara chake hakikuhesabiwa kuwa sakramenti. Sikumficha ukali wa jambo hilo. Nilimwambia tu kwamba miaka ile ya kusoma na kusali kule Mbozi hakuna anayeifuta, na kwamba uimara alioupata ndio uliomleta mpaka hapa.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni toharani. Tohara ni usafi, na -ni ya mwisho inaonyesha mahali, ndiyo maana wengi wanapiga picha ya chumba chenye moto ambamo marehemu wanasubiri zamu. Tarehe 4 Agosti 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza kwamba jina hilo halitaji mahali, linataja hali ya kuishi ya roho inayotakaswa. Nilipoyasoma hayo niliwaza kwamba Kiswahili hakikuhitaji kurekebishwa. Tunayo -ni ya sokoni na nyumbani, lakini tunayo pia ya safarini, mashakani, hatarini. Hakuna kijiji kinachoitwa Mashaka ambacho mtu aliye mashakani amefikia. Toharani ni kama safarini: aliye humo anakwenda, na anakokwenda kunajulikana.

Mwisho tulifika kwenye Nasadiki, kanuni ya imani. Yeye amekulia katika neno kuamini. Mzizi wake ndio uliozaa amana na amani; ukimwamini mtu unaweka kitu chako mikononi mwake na unalala. Kusadiki kuna ukweli ndani: unalikubali neno kuwa ni la kweli, na sadaka imetoka kwenye mzizi huohuo. Anayepokelewa husimama mbele ya watu, anasema Nasadiki pamoja nao, kisha anakiri mwenyewe kwamba anayakubali yote ambayo Kanisa Katoliki linasadiki na kufundisha. Ndiyo sababu anafundishwa kabla. Katekisimu ya 1992 ina aya 2,865, imani, sakramenti, maisha na sala, na hakuna anayetakiwa kuzikariri, ila hawezi kusadiki asichoambiwa. Akaniuliza kama kuamini kwake kulikuwa kumepungukiwa. Hapana. Vitenzi hivyo viwili vinahitajiana, na nimewajua Wakatoliki wa kuzaliwa wanaosadiki kila kifungu bila kuweka chochote mikononi mwa Mungu.

Alikwenda kuungama mara ya kwanza siku ya Ijumaa, akatoka amenyamaza. Dominika iliyofuata, katika Misa, alisimama pamoja na msimamizi wake, mama mmoja wa jumuiya yao anayeuza dagaa sokoni, akakiri imani, akapakwa krisma, akakomunika. Mama yake mzazi alikuja kutoka Mbozi, akakaa benchi la tatu.

Baada ya Misa tuliingia ofisini. Lipo daftari la pekee la waliopokelewa, tofauti na lile la wabatizwa, na lina nafasi ya tarehe na mahali mtu alipobatizwa. Padre akaomba cheti. Binti akakitoa kwenye bahasha, kimechakaa kwenye mikunjo, na mhuri wa Kimoraviani bado unasomeka. Padre akanakili tarehe polepole, kisha mahali: Mbozi. Mama yake aliinama juu ya meza, akafuata herufi hizo kwa macho hadi ya mwisho, akamwuliza padre kama angeweza kukisoma tena cheti kile kwa sauti.