Watoto Waliofika Mwisho wa Tetris

Mwaka 2003 jarida la Marekani la Electronic Gaming Monthly liliwaketisha watoto wachache mbele ya gemu zilizotoka kabla hawajazaliwa. Walipewa Pong ya mwaka 1972, Donkey Kong ya mwaka 1981 na nyingine za enzi hizo, kisha maneno yao yakachapishwa. Hawakuzionea huruma. Kwenye Tetris, mmoja wao aliuliza abonyeze kitufe gani ili matofali yalipuke. Makala hayo yalisomwa na kusimuliwa kwa miaka mingi, na mengine ya namna hiyo yakafuata. Mwaka 2009 BBC ilimpa mvulana wa miaka 13 Walkman ya kaseti aitumie wiki nzima badala ya iPod yake. Zilipita siku tatu kabla hajagundua kwamba kaseti ina upande wa pili.

Watu wazima huyapenda masimulizi haya, na sababu yake inaeleweka. Mtoto anayeduwaa mbele ya kaseti humthibitishia mzazi wake kwamba ujana uliopita ulikuwa na maarifa yake. Ila yamewafanya wengi waamini kwamba mtoto akikutana na chombo cha zamani hakuna kinachotokea zaidi ya kicheko. Historia ya Tetris inasema vingine. Gemu iliyowachosha watoto wa mwaka 2003 ndiyo hiyo hiyo ambayo watoto wengine, miaka 20 baadaye, waliizamia hadi mahali ambapo hakuna mtu mzima aliyewahi kukanyaga.

Tetris haikutungwa kwa ajili ya watoto. Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Kisovieti jijini Moscow, aliiandika mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, mashine isiyoweza kuchora picha yoyote. Matofali ya mwanzo kabisa yalikuwa alama za mabano zilizopangwa pamoja. Aliyesaidia kuihamishia gemu kwenye kompyuta za IBM, ambako ilipata rangi na kuanza kuenea kwa disketi kutoka ofisi hadi ofisi, ni Vadim Gerasimov, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 16. Wasimulizi wengi humpita huyu kwa haraka ili wawahi kwenye ugomvi wa haki miliki, ambao nao ulikuwa mkubwa: kampuni za Uingereza, Marekani na Japani ziligombea mkataba mbele ya shirika la serikali ya Kisovieti, hadi mfanyabiashara wa gemu Henk Rogers aliposafiri mwenyewe kwenda Moscow mwanzoni mwa mwaka 1989 na kurudi na haki zilizoiwezesha Nintendo kuiuza. Pajitnov hakuanza kupata malipo ya kazi yake hadi mwaka 1996. Lakini kwa habari hii, kijana yule wa sekondari ana uzito kuliko wanasheria wote. Tangu siku za mwanzo, mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya Tetris.

Mwaka huo wa 1989 Nintendo iliitoa kwa sura mbili: moja ya Game Boy, mashine ya mkononi, iliyouzwa kwa makumi ya mamilioni, na nyingine ya NES, mashine ya kuchomeka kwenye televisheni. Afrika Mashariki wengi waliifahamu kwa njia nyingine kabisa, kupitia vigemu vya betri vya mkononi vilivyoandikwa Brick Game, vyenye kioo cha kijivu na sauti ya mlio mmoja, au kupitia mashine za kuiga Nintendo zilizochomekwa kwenye televisheni ya chogo. Kanuni ilikuwa ile ile. Vipande vya miraba minne vinashuka, unavizungusha na kuvipanga, mstari ukijaa unafutika, na kasi inaongezeka.

Kasi hiyo ndiyo kiini cha yote yaliyofuata. Uwanja wa Tetris ya NES una upana wa miraba 10 na kimo cha miraba 20. Mashine huchora picha mara 60 kwa sekunde. Ukifika hatua ya 29, kipande hushuka mraba mmoja kwa kila picha, maana yake kinatoka juu hadi chini kwa theluthi moja ya sekunde. Na ukikandamiza kitufe bila kukiachia, kipande husogea pembeni mara 10 tu kwa sekunde. Hesabu haidanganyi: hakiwezi kufika ukingoni kabla hakijatua. Wachezaji walihitimisha kwamba waliotengeneza gemu walikuwa wamejenga ukuta pale makusudi, na ukuta ule ukaaminiwa kwa miaka. Hatua ya 29 ndiyo kifo. Ubingwa ulipimwa kwa kitu kingine, yaani kufikisha pointi 999,999, ambako kihesabio kilikwama, kabla ukuta haujakufikia. Harry Hong alirekodiwa akifanya hivyo mwaka 2009, na ikaonekana ajabu.

Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuupenyeza mkono ndani ya ukuta huo. Thor Aackerlund, kijana wa Texas aliyeshinda mashindano makubwa ya Nintendo mwaka 1990, hakukandamiza kitufe; alikitetemesha kwa kidole gumba haraka kuliko mashine ilivyoweza kurudia yenyewe. Mwaka 2011 alifika hatua ya 30. Waliomwona walistaajabu, kisha wakaliweka jambo hilo katika fungu la vipaji ambavyo Mungu humpa mtu mmoja.

Mashindano ya Dunia ya Tetris hii ya zamani yalianzishwa mwaka 2010 huko Los Angeles na watu waliokuwa watoto NES ilipokuwa mpya. Yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mkutano wa marafiki wa rika moja. Bingwa wao alikuwa Jonas Neubauer, mtu mpole aliyetwaa taji mara saba kati ya miaka minane ya kwanza. Alicheza kwa mtindo wa kizamani wa kukandamiza kitufe, na aliupanga uwanja wake kwa usafi ambao hata leo wachezaji huutazama kama somo. Endapo mambo yangeendelea vile, mchezo ungezeeka pamoja na wenyewe na kuishia hapo, kama ilivyotokea kwa gemu nyingi za rika lake.

Kilichouokoa ni video. Fainali ya mwaka 2016, yenye utangazaji wa shangwe na sauti za kupaza, ilianza kusambaa YouTube na ikawafikia watoto ambao hawakuwahi kuiona NES kwa macho. Mmoja wao, Joseph Saelee wa California, aliitazama, akaitafuta mashine, akaanza kujifunza. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mwaka 1989 ya kuienzi. Mtindo wa Aackerlund ulihesabiwa kuwa wa mtu mmoja. Yeye aliuona kama njia tu, akaishika. Mwaka 2018, akiwa na miaka 16, alikutana na Neubauer kwenye fainali na kumshinda michezo mitatu kwa sifuri.

Namna Neubauer alivyolipokea pigo lile inastahili kukumbukwa kuliko mataji yake. Alimkumbatia kijana, akaeleza furaha yake kwamba mchezo umepata warithi, na akaendelea kuwafundisha vijana hadi alipofariki ghafla Januari 2021 akiwa na miaka 39. Wiki chache kabla ya kifo chake, fainali ya mwaka 2020, iliyochezwa kwa mtandao kwa sababu ya korona, ilikuwa ya ndugu wawili wa Texas. Mdogo, Michael Artiaga mwenye miaka 13, alimshinda kaka yake Andrew.

Hapo ndipo inapofaa kutazama vyombo vyenyewe. Watoto hawa hawachezi kwenye televisheni bapa za sebuleni. Televisheni ya kisasa hupokea picha, huichakata, kisha ndipo inaionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo usioonekana na mtazamaji wa tamthilia unatosha kumuua mchezaji ambaye kipande chake kinaishi theluthi ya sekunde. Televisheni ya chogo haina subira hiyo. Inachora kinachoingia papo hapo. Kwa hiyo mvulana aliyezaliwa baada ya mwaka 2005 anabeba nyumbani sanduku zito la kioo ambalo watu wa mtaa wanalitupa, si kwa mapenzi ya ukale bali kwa sababu kwa kazi hii ndilo bora. Wanaodhani kwamba kila chombo kipya kinakizidi cha zamani kwa kila jambo wana la kujifunza kwa mvulana huyo.

Mwishoni mwa mwaka 2020 ukaja uvumbuzi mwingine. Mchezaji aitwaye Christopher Martinez, maarufu kama Cheez, aliacha kubonyeza kwa kidole gumba. Aliegemeza gumba juu ya kitufe bila kukisukuma, na kwa mkono wa pili akawa anagonga mgongo wa pedi kwa vidole vinavyofuatana, kama mpiga ngoma anavyozungusha vidole ukingoni mwa ngozi. Kila kidole kinapoipiga pedi kutoka chini, kitufe kinakutana na gumba. Kwa njia hiyo mtu anaweza kubonyeza zaidi ya mara 20 kwa sekunde, na bila kuchoka upesi. Pedi ni ile ile ya miaka ya 1980; kilichobadilika ni namna ya kuipiga.

Ukuta wa hatua ya 29 ukabomoka moja kwa moja, na nyuma yake wakakuta nchi isiyo na ramani. Waandishi wa programu hawakuwahi kufikiri kuwa kuna atakayefika hatua ya 138, basi hawakuitengea rangi. Kuanzia hapo mashine huokota rangi kutoka sehemu za kumbukumbu zisizohusika, na kuyavika matofali mavazi ya ajabu. Hatua ya 146 wachezaji waliipa jina la Magharibi kwa giza lake, na ya 148 wakaiita Makaa, kwa kuwa vipande vyake karibu vinatoweka katika weusi wa uwanja. Wengi walifia humo.

Kulikuwa na jambo jingine lililojulikana kinadharia. Programu maalumu ya kucheza Tetris, StackRabbit, ilikuwa imefika mbali sana mwaka 2021 hadi gemu ikaganda. Uchunguzi ulionyesha sababu: katika hatua za juu, hesabu ya pointi huchukua muda mrefu kuliko ule wa picha moja, na mistari ikifutwa kwa idadi fulani katika hatua fulani, mashine hupotea njia na kusimama. Kompyuta imefika. Je, binadamu?

Willis Gibson wa Stillwater, Oklahoma, alianza kucheza akiwa na miaka 11. Mama yake alimnunulia katika duka la rehani mashine inayocheza kaseti za NES, pamoja na televisheni ya chogo. Tarehe 21 Desemba 2023, akiwa na miaka 13, aliingia hatua za 150 na kitu. Nafasi ya kwanza ya kuigandisha gemu, hatua ya 155, ilimponyoka. Aliendelea. Katika hatua ya 157, baada ya takriban dakika 38 za mchezo mmoja usiokatika, alifuta mstari mmoja na kila kitu kikasimama. Kioo kilionyesha 999999, kwa sababu kihesabio kilikuwa kimefika mwisho wake muda mrefu nyuma. Mvulana alishika kichwa na kusema hahisi tena vidole vyake. Alikuwa binadamu wa kwanza kuifikisha Tetris ya NES mahali pa kushindwa yenyewe. Ushindi huo aliutoa kwa heshima ya baba yake, aliyekuwa amefariki siku chache kabla.

Habari ilizunguka dunia. Maya Rogers, mkuu wa kampuni ya Tetris na binti wa Henk Rogers, alimpongeza, na Pajitnov mwenyewe alizungumza naye kwa video. Mtangazaji mmoja wa Sky News, kwa upande wake, alimaliza taarifa kwa kumshauri kijana atoke nje apate hewa safi, kwani kuishinda Tetris si lengo la maisha. Watazamaji wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Mtoto huyo alikuwa ametumia miaka miwili kujifunza ufundi wa mikono uliovumbuliwa na wenzake, kuusoma udhaifu wa programu ya miaka 34, na kuutuliza moyo wake mahali ambapo kosa moja dogo linafuta kila kitu. Angefanya hivyo kwa violini, hakuna ambaye angemfukuza nje.

Muda mfupi baadaye Justin Yu, bingwa wa dunia wa mwaka 2023, naye aliigandisha. Lililokuwa haliwezekani likawa jambo la wawili, kisha la watu kadhaa. Lakini Michael Artiaga, yule mdogo aliyemshinda kaka yake, alikuwa anatazama mbali zaidi. Kihesabio cha hatua cha NES hakiwezi kupita 255. Kikipita hapo kinarudi sifuri, na matofali yanaanza tena kushuka polepole kama kwa mtu anayewasha gemu kwa mara ya kwanza. Oktoba 2024, akiwa na miaka 16, alicheza toleo lililorekebishwa ili lisigande, akaivumilia hatua ya 235, ambayo kwa hitilafu ya hesabu haiishi mpaka ufute mistari 810, na akavuka. Toleo lake halikuwa na ile mitego ya kugandisha. Kwenye kaseti halisi ya mwaka 1989 atakayetaka kupita njia hiyo itambidi akariri ni mistari mingapi asiifute katika hatua ipi, na akwepe kila mtego huku kipande kikimpa theluthi ya sekunde. Orodha ya mitego hiyo imekwisha kuandikwa, na vijana wanaifanyia mazoezi.