Jina na Kipimo: Funzo la Magofu ya Mtwapa kwa Wanafunzi wa Usanifu

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kutazama jinsi majengo ya kale ya pwani ya Kenya yalivyochunguzwa tangu katikati ya karne ya 20, kisha kuuliza historia hiyo inamfunza nini mwalimu wa njia za utafiti. Wanafunzi ninaowakusudia ni wale wa shahada ya kwanza ya usanifu, yaani wanaojifunza kubuni majengo, samani na vyombo. Mwandishi si msanifu. Ni mwalimu wa lugha. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba upungufu mkubwa wa utafiti wao ni upungufu wa lugha.

Niliwahi kufuatana na kundi la wanafunzi hao hadi Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 yaliyo ufukweni, kaskazini ya hori ya Mtwapa. Walipima kuta kwa siku mbili, nao walipima vizuri. Katika daftari zao waliandika kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba mno, na mmoja akaongeza kuwa pengine wajenzi hawakuwa na ujuzi wa kujenga chumba kipana. Nje ya magofu palikuwa na fundi mzee akitengeneza paa la makuti. Hakuna aliyekuwa amemwuliza neno. Nilipomweleza tatizo letu alicheka, akasema: “Boriti ndiyo iliyokata chumba, wanangu.” Kazi ya siku mbili ikapata maana kwa sentensi moja.

Majina ya wachimbuzi

Kosa la wanafunzi wale lina historia. James Kirkman alianza kuchimbua Gedi mwaka 1948, na kazi yake ni msingi ambao hapana mtafiti wa pwani awezaye kuuruka. Nyumba za Gedi zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Huko Jumba pia ipo Nyumba ya Milango Mingi. Majina haya yanafaa kwa kumbukumbu za mchimbuzi, lakini yanatueleza alichokiona yeye, wala si walichokijua wenyeji. Jambo hilohilo lilitendeka kwa mji mzima: kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Kiarabu katika jina lake lenyewe.

Yafaa tukumbuke kwamba hata jina “Jumba la Mtwana” halikutoka kwa waliojenga. Ni jina la majirani wa baadaye, lenye maana ya nyumba kubwa ya mtumwa. Mwanafunzi hana budi kufundishwa kuliuliza kila jina: nani alilitoa, lini, na kwa haja gani?

Neno kama ushahidi

Katika miaka ya 1980 mambo yalianza kubadilika. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga ulionyesha kwamba chini ya majengo ya mawe yalikuwako majengo ya miti, ya zamani zaidi. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu chao juu ya Waswahili, wakitumia lugha yenyewe kama ushahidi wa historia. Walionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo katika kundi la Sabaki, na kwamba wingi wa maneno ya Kiarabu hauugeuzi mzizi wake.

Mtwapa yenyewe, ambayo Chapurukha Kusimba ameichimbua kwa miaka mingi, imeongeza ushahidi mwingine. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, wengi wao wakiwa wa Mtwapa. Ilionekana kwamba upande wa kikeni asili yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na upande wa kiumeni wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi. Basi “mji wa Kiarabu” lilikuwa jina pungufu. Na wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakustahili kupuuzwa kama walivyopuuzwa.

Maneno ya nyumba

Kuhusu nyumba, kazi zilizotufaa zaidi ni zile za Lamu katika miaka ya 1970, za Usam Ghaidan na James de Vere Allen. Hawa walipima, lakini pia walisikiliza. Ndiyo sababu tunajua kwamba nyumba ya mawe huanzia daka, ikapita tekani na kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu, ndani, hadi nyumba ya kati. Hii ya mwisho, kwa mtu mwenye futi tu, ingeandikwa “ghala”. Kumbe ni mahali palipohusiana na kuzaa na kuosha maiti. Hakuna kipimo kiwezacho kulifichua jambo hilo.

Na boriti je? Mkoko hukatwa na kupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lina kazi yake katika jengo. Boriti ndiyo ibebayo dari ya mawe na chokaa, na urefu wake ufaao hauzidi mita tatu hivi. Upana wa chumba, basi, ulikuwa uamuzi wa msanifu aliyejua mti wake.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Nyumba nyingi za Lamu zilizosalia ni za karne ya 18. Jumba ni la karne ya 14. Haifai kuyagongomea magofu ya Mtwapa maneno ya Kiamu kana kwamba miaka 400 haikupita. Neno ni ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Darasani

Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini aliyefundisha usanifu Nairobi hadi kifo chake mwaka 1967, alikataa Mwafrika afungwe katika mambo ya kale. Nakubaliana naye. Sipendekezi wanafunzi waige magofu. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi akusanye majina ya sehemu za kitu kabla ya kukipima, na ayaandike kama yalivyotamkwa. Pili, apime kwa mita na pia kwa kipimo cha fundi: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima. Tatu, airudishe michoro yake kwa fundi na kumwomba aisahihishe. Hili la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linamtaka msomi akubali kusahihishwa.

Hitimisho

Lugha yetu imeyaweka jirani maneno mawili, kuchungua na kuchungulia. Anayechungulia hutazama dirishani akaenda zake. Anayechungua hubisha hodi na kungoja kujibiwa. Mafundi wanaoyajua maneno haya wanazidi kupungua, na kwa kila anayekwenda tunabaki na vipimo sahihi vya nyumba tusizozifahamu.