Mkazi wa Zamani Kuliko Usharika Wetu

Wamisionari wa Betheli walipofika Usambara na kuanza kazi Mlalo mwaka 1891, bahari ya Tanga waliyoiacha nyuma ilikuwa na mkazi ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Walisema alitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita. Kisha, Desemba 1938, mmoja akanaswa Afrika Kusini. Bi. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ndogo, ndiye aliyeona kwamba samaki huyu si wa kawaida. Sisi tunamwita silikanti.

Kwetu alianza kupatikana miaka ya 2003 na 2004. Papa wakitafutwa kina kirefu, jarife lilimleta na huyu, na wavuvi wa Kigombe na kwingineko hawakuwa na haja naye: nyama yake ina mafuta mengi, hailiki vizuri. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, visiwa vya Toten na Yambe vikiwa ndani yake.

Hapo mvuvi mmoja, jirani yetu Mwislamu, alituuliza: "Mchungaji, silikanti kapata mlinzi. Mimi je?" Hatukuwa na jibu la haraka. Chuoni tulibishana sana juu ya neno "kutawala" katika Mwanzo 1, wala hatukutazama kwamba samaki ndio wanaotajwa pale kwanza, na hakuna aliyetaja nyavu.

Tena tulikuwa na deni letu. Kwa miaka mingi mlio wa baruti ulisikika pwani hii, ukivunja matumbawe ambayo joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limekwisha kuyafanya meupe, na mengi kuyaua. Samaki wa baruti hujulikana: nyama imelegea, mifupa imevunjika ndani. Tulimjua, tukamnunua kwa kuwa alikuwa rahisi, tukambariki mezani. Aliyelaumiwa ni mvuvi peke yake.

Mwaka 2021 wataalamu waliochunguza magamba ya silikanti walieleza kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na jike hubeba mimba kama miaka 5. Basi wazee wa usharika wamekubali tuanze na mambo mawili: kumwuliza muuzaji samaki wake amevuliwaje, na kulipa bei ya yule wa mshipi hata ikizidi. Jumapili tulipotangaza hilo, kina mama wa jikoni walinung'unika, na walikuwa na haki.